Betri mbili ndani ya miezi minane, na gari bado halitaki kuwaka

BARUA

Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Probox ya 2006, injini ya 1NZ-FE, ambayo inabeba abiria na mizigo kati ya Morogoro na Mikumi. Ndani ya miezi minane nimenunua betri mbili mpya, na hii ya pili nayo imeshaanza kuchoka. Gari likilala usiku mmoja linawaka kwa kujikongoja. Likilala mbili, mpaka lisukumwe.

Usiku nikiwasha taa kubwa, ile taa ya betri kwenye dashibodi inawaka kwa mbali, nyekundu hafifu, hasa nikiwa nimesimama. Nikikanyaga mafuta inafifia lakini haizimi kabisa. Upande wa mkanda kuna mlio kama wa nyuki unaopanda na resi, na redio nayo inatoa mlio huohuo.

Nimenunua mita. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri inasoma volti 12.1. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, inasoma 13.2. Nikiwasha taa kubwa, feni ya ndani hadi mwisho na waya za kupasha kioo cha nyuma, inashuka hadi 12.4, na hata nikipiga resi haivuki 12.8.

Fundi wa kwanza alisema betri za siku hizi hazina maisha, ninunue nyingine. Wa pili alichomoa teminali ya betri injini ikiunguruma. Taa ziling'aa ghafla, gari likazima, akasema altaneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda ili kuchaji betri, imekufa na yuko tayari kuniletea ya mtumba. Nimsikilize yupi? Na kama ni altaneta, nibadilishe nzima au inatengenezeka? Kazi hiyo naweza kuifanya mwenyewe?

Dereva wa Probox, Morogoro

JIBU

Ndugu dereva,

Betri ya tatu usinunue. Vipimo ulivyoandika vinaonyesha wazi kwamba altaneta yako inachaji nusunusu. Injini ikiwa kwenye resi ya 2000 hivi (mizunguko kwa dakika), huku taa na feni zinakula, betri ingepaswa kusoma walau 13.5. Yako inagota 12.8, maana yake gari linatumia umeme wa akiba badala ya kuiongeza. Ndiyo sababu betri zako zinakufa mapema. Betri ya gari ikilala siku baada ya siku kwenye 12.1, ambayo ni chini kidogo ya nusu ya chaji, bamba zake za risasi hujengeka utando mgumu wa salfeti, na baada ya miezi michache haikubali tena kujaa hata ukiichaji vizuri. Waliokuuzia huenda hawakukosea chochote.

Kabla sijaendelea, nakuomba sana: usimruhusu mtu yeyote tena kuchomoa teminali ya betri injini ikiwa inaunguruma. Kipimo hicho kilizoeleka enzi za magari yenye kabureta na dainamo, na hata wakati huo hakikuwa kipimo kizuri. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla, volti huruka kwa sehemu ndogo ya sekunde hadi makumi mengi, na hizo taa zilizong'aa ghafla zilikuwa ushahidi. Mruko huo unatosha kuua diodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), regyuleta inayodhibiti volti, hata kompyuta ya injini. Zaidi ya hapo hakithibitishi kitu: gari kuzima hakukwambii kama kosa ni la diodi, kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani ya altaneta), waya au mkanda, na altaneta mbovu nusu inaweza kuiendesha injini vizuri tu bila betri.

Sasa tatizo lenyewe. Dalili tatu ulizozitaja zinaelekea mahali pamoja: taa ya betri kuwaka kwa mbali badala ya kuwaka kabisa au kuzima kabisa, mlio wa nyuki unaoingia hadi redioni, na betri kuisha gari likiwa limeegeshwa. Zote zinaelekea kwenye diodi. Altaneta huzalisha umeme wa kwenda na kurudi katika mikondo mitatu, kisha diodi sita au zaidi huugeuza uwe wa upande mmoja ili betri iupokee. Diodi moja ikikatika, unapoteza sehemu kubwa ya chaji na umeme unakuja kwa mawimbi, ndipo altaneta inavuma na redio inalia. Ikishika moja kwa moja badala ya kukatika, umeme wa betri unaweza kurudi nyuma kupitia humo usiku kucha. Kaboni zilizoisha huonyesha sura nyingine: taa ya betri huwaka na kuzima gari likipita kwenye matuta, na chaji hurudi ukiigonga altaneta kidogo kwa mpini wa bisibisi. Hilo hukulitaja.

Lakini waya wenye kutu au mkanda unaoteleza huweza kushusha chaji vilevile, kwa hiyo tuviondoe kwanza. Ichaji betri kwa chaja usiku mzima, kwa ampea 4 hivi, kisha iache saa tatu bila kuitumia. Ikitulia kwenye 12.5 au zaidi, na ikawa haishuki chini ya 9.6 wakati stata inazungusha injini, bado ina uhai. Ikianguka chini ya hapo baada ya chaji ya kutosha, betri nayo imeumia na utaibadilisha mwisho, baada ya chaji kurekebishwa.

Mkanda uangalie injini ikiwa imezimwa. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbalimbali: ukibonyea sentimita moja hivi uko sawa, ukibonyea kama kamba ya kuanikia nguo umelegea. Tazama upande wa ndani wenye mifereji. Mipasuko mingi iliyokaribiana, mng'ao wa kioo au mafuta yaliyolowa maana yake mkanda mpya. Kwenye 1NZ-FE usiuchukulie kirahisi, kwa sababu mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika njiani, chaji imekwenda na upoozaji umekwenda, na hapo unazima injini palepale.

Waya zinapimwa zikiwa kazini. Kupima ukiwa umezima hakukuambii kitu, kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi mbili utaonyesha volti kamili kama hakuna mzigo unaopita. Washa injini, mtu akushikilie resi ya 2000, washa taa kubwa na feni. Mita iwe kwenye volti za DC. Weka ncha nyekundu kwenye nati ya B nyuma ya altaneta, ile yenye waya mnene na kofia ya mpira, na ncha nyeusi kwenye kichwa chanya cha betri, chuma cha betri chenyewe, siyo teminali iliyokishika. Isizidi volti 0.3. Kisha weka ncha moja kwenye mwili wa altaneta na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri: isizidi 0.2. Ukikuta 0.8 au 1, umepata kosa bila kufungua altaneta. Safisha vichwa vya betri kwa msasa, fungua waya wa athi (wa upande hasi) unaoshika bodi na ule unaoshika injini, ukwangue rangi na kutu mpaka chuma king'ae, ukaze upya. Tazama pia fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT kwenye sanduku la fyuzi karibu na betri. Ikiwa kuna mtu aliwahi kuibadilisha kwa kipande cha waya, irudishe fyuzi halisi leo hii, kwa sababu waya mnene wa altaneta ukigusa bodi bila fyuzi, gari linaungua.

Kama waya ni safi, pima diodi. Hamisha mita kwenye volti za AC, kipimo cha chini kabisa ilicho nacho. Kwanza pima betri injini ikiwa imezimwa: isome sifuri. Mita nyingi za bei nafuu husoma 25 au zaidi hapo, kwa sababu hazichuji umeme wa DC. Ikiwa yako ni hiyo, haifai kwa kipimo hiki, azima nyingine. Ikisoma sifuri, washa injini, resi 2000, taa kubwa zikiwaka. Altaneta nzima itaonyesha chini ya 0.1 au kidogo zaidi. Ikivuka 0.5, diodi imekufa.

Kipimo cha pili kinaeleza kwa nini gari halivuki usiku wa pili. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, fungua teminali hasi, unganisha mita katikati ya teminali hiyo na kichwa hasi cha betri ukitumia tundu la ampea 10. Subiri nusu saa kompyuta zilale. Gari lenye afya hula chini ya ampea 0.05. Wakati mita imeunganishwa hivyo usifungue mlango wala kugusa ufunguo, utaunguza fyuzi ya mita. Ukikuta ampea 0.3 au zaidi, ondoa mita na uache teminali hasi ikiwa nje, fungua nati ya B, uvishe mdomo wa waya ule mpira au kitambaa kikavu usiguse chuma, chomoa na plagi ndogo ya altaneta, kisha rudisha mita upime tena. Mkondo ukishuka hadi karibu sifuri, mnyonyaji ni altaneta. Usiposhuka, kuna kitu kingine kinachokula usiku, mara nyingi redio au king'ora kilichofungwa vibaya, na altaneta mpya haitakuponya na hilo.

Waya B ukiwa bado nje, fanya na hiki, kinachukua dakika moja. Mita kwenye alama ya diodi, ncha nyekundu kwenye mwili wa altaneta, nyeusi kwenye nati ya B: isome kati ya 0.8 na 1.1 hivi, kwa kuwa umeme unapita diodi mbili mfululizo. Geuza ncha: isisome chochote. Ikisoma pande zote mbili, diodi imeshika. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki hakikamati diodi iliyokatika. Hiyo hukamatwa na kile cha AC.

Ningependa pia ukijue kipimo kimoja kwa ajili ya siku altaneta itakapoacha kuchaji kabisa. Fungua ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, sogeza spana ndogo karibu na mgongo wa altaneta, pale kwenye beringi. Ikivutwa kama na sumaku, rota inapata umeme, na kosa ni diodi au koili (nyaya za shaba zinazozalisha umeme ndani ya altaneta). Isipovutwa, tafuta kwenye kaboni, regyuleta ambayo mafundi wengi huiita katauti, au fyuzi inayopeleka umeme kwenye waya wa IG, ule unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa.

Kuhusu kutengeneza au kubadilisha, msimamo wangu ni huu. Kama beringi hazisagi, koili hazijaungua na shaba ya rota haina mfereji, tengeneza. Diodi huuzwa zikiwa zimefungwa pamoja kwenye bamba moja la kupoozea, na ukishaifungua altaneta usirudishe kaboni za zamani. Kaboni mpya hutokeza takribani milimita 10, na ikibaki chini ya 5 haistahili kurudi ndani. Rota ipime kwa ohm kati ya pete zake mbili za shaba: 2 hadi 3 ni salama, bila usomaji imekatika, karibu sifuri imeshikana. Kati ya pete na chuma cha rota kusiwe na usomaji wowote. Ikiwa miguu ya koili inashikwa na skrubu kwenye bamba la diodi, kazi ni nyepesi. Ikiwa imechomelewa, mpe fundi umeme mwenye chuma cha kuchomea risasi chenye nguvu, kwa sababu chuma kidogo kitachukua muda mrefu na joto litaiua diodi mpya kabla haijaanza kazi.

Koili zikiwa nyeusi na zikinuka, nunua nzima. Kati ya mpya isiyo na jina na ya mtumba halisi iliyopimwa, mimi ningechukua ya mtumba, ila nasisitiza neno "iliyopimwa". Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya mifereji ya puli, umbo la plagi na idadi ya pini zake, masikio ya kufungia, na ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko. Zisipungue za mwanzo. Izungushe kwa mkono ukiiweka sikioni, fanya kile kipimo cha nati ya B hapohapo dukani, na umwombe muuzaji aizungushe kwenye mashine yake huku ina mzigo. Akikataa, nenda duka la jirani.

Kuifungua mwenyewe unaweza, ukiwa na spana namba 10, 12 na 14, soketi na subira. Anza na teminali hasi ya betri. Hasi hutangulia kwa sababu nati ya B ina umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikiigusa huku inagusa bodi inalehemu. Piga picha waya zilivyokaa na mkanda unavyopita. Altaneta ya injini yako iko mbele, upande wa rejeta. Legeza bolti ya juu inayoshika mkanda na ile ndefu ya chini ambayo altaneta huzungukia, isukume kuelekea injini, toa mkanda. Fungua kofia ya mpira na nati ya B, bonyeza kifungio cha plagi ndipo uichomoe. Plastiki yake imekaushwa na joto la miaka, ukivuta kwa nguvu bila kubonyeza itavunjika na plagi itakuwa inalegea kila tuta. Kisha toa bolti zote mbili na uinyanyue.

Kurudisha ndiko watu wanakokwama, kwa jambo dogo. Kwenye sikio la altaneta kuna bushi ya chuma inayoteleza, ambayo bolti ilipokazwa ilivutwa kubana mkono wa injini. Nafasi ya kuingilia inakuwa finyu, na mtu huanza kuipiga altaneta nyundo mpaka sikio la aluminiamu linapasuka. Irudishe bushi nyuma milimita mbili tatu kwa kuigonga taratibu ukiwa na kipande cha bomba, altaneta itaingia yenyewe.

Nati ya B ikaze ishike vizuri, lakini ni spana namba 10: nguvu ya niutoni-mita 10 inatosha, ukizidisha unakata skrubu na altaneta nzima imeharibika. Ikilegea nayo itaungua taratibu. Kuvuta mkanda tumia mpini wa mti, ukiegemeza kwenye mwili imara wa altaneta, kamwe siyo chuma kwenye mapezi ya kupoozea. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hausikiki, ila hula beringi za altaneta na za pampu ya maji. Uliolegea hulia asubuhi na mvua ikinyesha. Ukiwa umefunga mkanda mpya, ukague tena baada ya kilomita mia chache, kwa kuwa hujinyoosha.

Usiifungie altaneta mpya betri iliyokufa. Ijaze betri kwa chaja kwanza. Altaneta imetengenezwa kurudisha kile stata ilichochukua na kulisha gari, na ukiitwika betri tupu itafanya kazi kwa nguvu yote kwa muda mrefu, ikiwa ya moto kabisa, na hapo ndipo diodi hufa. Ninashuku yako iliuawa hivyohivyo, kwa kila asubuhi ya kusukumwa. Baada ya kuwasha, pima: bila mzigo, resi 2000, iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Washa taa, feni na kioo cha nyuma, isishuke chini ya 13.5 kwenye resi. Kwenye silensa ikishuka kidogo zaidi ya hapo usiogope, kwa maana altaneta ikizunguka polepole haitoi ampea zake zote. Ikivuka 15, zima: regyuleta haikati, na betri itachemka na kutoa harufu ya yai viza. Rudia kipimo cha AC pia, usiache.

Hadi utakapoitengeneza, safari za usiku za Mikumi ziahirishe. Altaneta yako ikiacha kabisa njiani, taa kubwa zitakula ampea 9 hivi peke yake, feni ya ndani ikiwa mwisho inaweza kula zaidi ya hapo, na betri iliyoamka na 12.1 haina cha kukupa kwa muda mrefu. Ikikutokea mchana, zima kiyoyozi, feni na redio, usizime injini, na tafuta kituo cha karibu. Usukani ukiwa wa umeme utaanza kuwa mzito kabla injini haijaanza kukatika. Ukisikia hivyo, toka barabarani mara moja.